Shahada iliyozaliwa jioni

Kijana mmoja hapa Galbet kaniuliza: kama tayari unaandika programu na zinakulipa, uzamili wa nini tena? Swali zuri. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa mwaliko wa NATO. Kilio kilikuwa kimoja: programu kubwa zinachelewa, zinapita bajeti, tena zina makosa. Hapo ndipo jina "uhandisi wa programu" liliposhika. Vyuo viliitikia polepole. Chuo Kikuu cha Seattle kilianzisha uzamili wa fani hiyo mwaka 1979, masomo yakiwa jioni, maana wanafunzi wake mchana walikuwa kazini. Taasisi ya Wang, Massachusetts, ilianza mwaka huohuo, ikafungwa 1987. Carnegie Mellon ikafuata 1989.

Umeona? Shahada hii ilitengenezewa watu ambao kazi ilikuwa imeshawatoa jasho, na darasa likawafuata walipo.

Na kwetu? Chuo cha Garissa kilianza 2011 chini ya Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 pale. Kikafunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Chuo kilichopitia hayo kikasimama hakishindwi na darasa la jioni.

Jibu langu kwa kijana: nenda kasome, hata kama ni kupanda basi la Mwingi na Thika hadi Juja. Ila beba ile programu iliyokushinda. Ndiyo itakayokufundisha. Halafu rudi ufundishe hapa, jioni.