Gia za mafuta na mlima wa Mlimba

Siku hizi ukimwuliza kijana wa Dar es Salaam anataka gari la namna gani, atakujibu upesi kwamba anataka "oto". Klachi amewaachia wenye malori. Na wengi wetu tunaamini kwamba gari lisilo na klachi lililetwa na meli za magari yaliyotumika kutoka Japani, baada ya Serikali mwaka 1984 kumruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa. Kwa Dar es Salaam huenda ni hivyo. Lakini watu wa Kiberege, pale kati ya Mang'ula na Ifakara, wamekuwa wakipitiwa na mashine ya dizeli yenye gia za mafuta tangu miaka ya 1970. Nayo ni treni ya TAZARA.

Nieleze kidogo. Injini ya dizeli haiwezi kuanza kuvuta mzigo ikiwa imesimama. Lazima izunguke kwanza. Katika gari la kawaida klachi huitenga injini na magurudumu, kisha dereva huiachia taratibu. Sasa iwaze klachi hiyo ikivuta mabehewa ya shaba! Ingeungua kabla treni haijatoka stesheni. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akitafuta njia bora ya kuendesha meli, alipata hataza mwaka 1905 kwa chombo ambacho ndani yake pangaboi moja hurusha mafuta, na mafuta hayo huzungusha pangaboi la pili. Chombo cha jamii hiyo ndicho kilichomo katika Toyota ya kijana wetu, na ndicho kilichokuwamo katika vichwa vya treni walivyotuletea Wachina.

Historia ya reli yenyewe inajulikana. Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, Zambia ikajikuta shaba yake inapita mikononi mwa adui. Nchi za Magharibi zikasema reli hailipi. China ikakubali mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na Julai 1976 tukakabidhiwa kilomita 1,860. Mang'ula, jirani na Kiberege, ilikuwa kambi kubwa ya ujenzi.

Habari za vichwa husimuliwa kidogo mno. Vikubwa vilikuwa na nguvu za farasi 2,000, vidogo 1,000, vyote vya gia za mafuta. Toka Kiberege hadi Mlimba ni bonde, na bonde halimsumbui mtu. Toka Mlimba reli hupanda zaidi ya meta 1,000 kwenda Makambako, handaki baada ya daraja, daraja baada ya handaki. Chombo cha Föttinger kina tabia moja: mzigo ukiwa mzito na mwendo ukiwa mdogo, pangaboi la pili hubaki nyuma sana ya lile la kwanza, na nguvu inayopotea katikati hugeuka joto. Mafuta huchemka, rejeta ikazidiwa. Na injini zenyewe zilikuwa dhaifu kwa mlima ule.

Vichwa vikawa vinaharibika kuliko ilivyotarajiwa, mizigo ikarundikana bandarini. Mwaka 1978 Zambia ilihitaji mbolea ifike kabla ya mvua. Ilipoonekana haitafika kwa wakati, Oktoba mwaka huo Rais Kenneth Kaunda akaifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, iliyokuwa imefungwa tangu 1973. Sisemi ni gia peke yake. Bandari nayo ilizidiwa, na mabehewa hayakutosha. Hata hivyo, kichwa kilichochemka mlimani kilikuwa na fungu lake katika uamuzi ule uliowaumiza wapigania uhuru wengi.

Dawa ilikuja kwa awamu. Baadhi ya vichwa vya Kichina vilitolewa injini, vikawekewa za MTU za Ujerumani Magharibi, gia zikabaki zile zile za mafuta. Kisha katika miaka ya 1980 vikaingia vichwa vya dizeli-umeme vya aina ya General Electric ya Marekani. Humo injini huzungusha jenereta, na mota za umeme kwenye ekseli ndizo zinazovuta. Yaani reli ambayo mabepari waliikataa ilipandishwa mlima na mashine za mabepari.

Nimeyachimba haya kwa sababu shemeji yangu wa Kiberege ana pikapu kuukuu ya dizeli, anabebea mpunga kwenda Ifakara. Goti la kushoto linamsumbua, sasa anataka aondoe klachi na kuweka giaboksi ya oto kutoka gari lililokatwa. Mafundi wanaiweza kazi hiyo. Giaboksi itoke kwenye gari la dizeli, maana ile ya petroli husubiri mizunguko mingi ambayo dizeli haifiki. Flaiwili hutolewa ikawekwa sahani nyembamba, propela hukatwa au kurefushwa, na waya huvutwa kutoka pampu ya dizeli ili giaboksi ijue dereva amekanyaga kiasi gani.

Fundi anayetaka bei ishuke ataruka rejeta ya kupoza mafuta ya gia. Hilo silikubali hata kidogo. Pikapu yenye magunia, ikitambaa kwenye matope ya masika kwa mwendo wa kobe, ni mlima wa Mlimba uliohamia tambarare. Nimemwambia shemeji ainunue rejeta hiyo kabla ya giaboksi. Tena ajue kwamba betri ikifa, gari la oto halisukumwi likawaka, kwa kuwa pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini. Na Kiberege vijana wa kusukuma wapo tele. Betri ya kuazima ndiyo ya kutafuta.

Septemba 2024, huko Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ufufuaji maana yake ni pamoja na vichwa vipya. Ningependa kuuliza kama mafundi wa karakana za Dar es Salaam na Mpika watafundishwa kabla havijafika, au watasubiri cha kwanza kichemke juu ya Mlimba.