Ni Sukari Ilimuua ama ni Corona? Soma Hii Kabla Uanze Kubishana Mtaani

Machi 26, 2020 Kenya ilitangaza kifo chake cha kwanza cha corona: mzee wa miaka 66 ambaye pia alikuwa na kisukari. Na hapo ndipo ule ubishi huanza. "Huyo ni sukari imemmaliza, si corona." Umeiskia, pengine hata wewe umeisema.

Agosti ya mwaka huo Marekani wakaongeza moto. Idara yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilisema kwa asilimia 6 ya vifo, corona ndiyo ilikuwa imeandikwa peke yake. Hizo zingine zote zilikuwa na kitu kingine juu yake, kwa wastani 2.6. Wasee wa mtandao wakaruka nayo, ati corona imeua hao asilimia 6 tu.

Zii. Angalia hivyo vitu vingine ni nini. Nyingi ni nimonia na mapafu kushindwa na kazi, yaani kazi ya corona yenyewe. Ukigongwa na matatu halafu daktari aandike damu ilivuja kichwani, si bado ni matatu imekuua?

Lakini kwa hiyo orodha kulikuwa pia na sukari na presha, na hizo si za kupuuza. Sukari ikikaa juu kwa damu muda mrefu, seli nyeupe, wale soja wa mwili, hulegea, na mishipa midogo huharibika. Presha nayo huchosha moyo na figo pole pole, wewe ukijiona uko fiti. Sasa corona ikiingia, moyo unatakiwa kukaza na mapafu yavute hewa zaidi. Mwili hauna akiba, unakwama. Bila corona, huyo buda angeendelea kumeza dawa zake na kuishi, pengine miaka mingi.

Na si corona pekee. Mwenye kisukari yuko kwa hatari ya TB mara mbili hadi tatu kuliko wengine, na TB ndiyo inaongoza kwa kuua watu wanaoishi na HIV.

Kama mathe ana sukari na ameanza kukohoa, ana homa ama anahema, usingoje ati "atapoa." Mpeleke hosi siku hiyo hiyo, na ubebe zile dawa zake zote daktari azione.