Kulwa na Doto Mbele ya Kamera

Katika nchi ya Unyamwezi na Usukuma, pacha wakizaliwa, wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, naye mtoto awafuataye huitwa Shija. Majina haya hayakukaa bara tu. Wapagazi wa Kinyamwezi walioishika njia ya misafara kwa maelfu, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na wengine wakavuka hata Unguja, haikosi walikwenda nayo. Mwaka 1960 Muhammed Saleh Farsy wa Unguja alikiita kitabu chake Kurwa na Doto, kwa r badala ya l ya bara, na wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa kwamba ni habari za pacha.

Mwandishi wa hadithi ana kazi nyepesi hapa. Akishasema kwamba Kulwa ameketi na Doto amesimama, msomaji huwaona wote wawili. Lakini mtengenezaji wa sinema atakaye kumpa mwigizaji mmoja sehemu zote mbili, tena waonekane pamoja katika onyesho moja, ana shida halisi, maana kamera huona mwili, haioni jina.

Dawa ya shida hiyo ni ya zamani karibu sawa na sinema yenyewe. Mwaka 1900 Mfaransa Georges Méliès alijionyesha kuwa wapiga muziki saba kwa pamoja. Namna iliyozoeleka baadaye ni hii: nusu ya lenzi hufunikwa, mwigizaji akacheza Kulwa upande ulio wazi; kisha filamu hurudishwa nyuma, ile nusu ya kwanza ikafunikwa, naye akavaa nguo za Doto na kucheza upande wa pili. Kamera haina ruhusa ya kutikisika, wala mwanga kubadilika. Zamani kamera zilipozungushwa kwa mkono, hata mwendo wa mkono ulipaswa kuwa ule ule. Katika The Playhouse ya 1921, Buster Keaton alionekana watu tisa katika safu moja. Mpiga picha wake, Elgin Lessley, angekosea mara ya tisa, zile nane za kwanza zingepotea pia.

Mwigizaji naye husema na hewa. Hapana budi ayaelekeze macho mahali yatakapokuwa macho ya mwenziwe, na anyamaze kwa kadiri ya jibu ambalo bado hajalitoa mwenyewe. Mstari wa kuungania hufichwa penye mwimo wa mlango au shina la mti. Mkono ukiuvuka, hukatika. Kwa hiyo pacha wakikumbatiana huletwa mtu mwingine wa umbo lile lile, aipe kamera mgongo. Badali ni neno limfaalo. Kompyuta imeiruhusu kamera kutembea, lakini badali hajaondoka kazini.

Badali huyo ndiye airudishaye habari hii kwenye njia ya Tabora. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King. Picha za safari zilipigwa Afrika Mashariki chini ya Otto Brower. Lakini Spencer Tracy, aliyemwigiza Stanley, hakufika huku. Aendaye kwa mbali katika mbuga ni badali, na uso uonekanao kwa karibu ulipigwa picha Marekani. Ni ufundi ule ule uliopinduliwa: kwa pacha mwili mmoja huwa watu wawili, na hapa miili miwili ikawa mtu mmoja.

Tofauti yake si ndogo. Atazamaye pacha wa sinema ajua kwamba mwigizaji ni mmoja, na kujua huko ni sehemu ya furaha yake. Badali wa 1939 aliwekwa ili asijulikane. Hata mambo ya Tabora yenyewe yalibadilishiwa watu. Stanley alifika huko Juni 1871, akakaa Kwihara, akaingia katika vita vya Waarabu na Mirambo, akaondoka Septemba. Mwenziwe Shaw, baharia Mwingereza, alirudishwa njiani akafa Kwihara. Katika filamu mwenzi wa Stanley ni Jeff Slocum, mtu asiyekuwako kabisa katika safari ile. Ujanja wa lenzi waweza kusamehewa. Huu ni mzito zaidi, kwa kuwa Shaw hakupata hata badali.

Tembe la Kwihara lililojengwa upya ni makumbusho sasa. Atakayetaka kupiga picha ya pacha hapo ataona mwimo wa mlango wafaa kuuficha mstari. Nguo na kilemba havitoshi kuwatenga wale wawili. Lugha yaweza zaidi, nayo haitegemei lenzi. Yule aliyebaki Unyamwezi na aseme Kulwa, na aliyelelewa pwani aseme Kurwa.