Kulala kibandani msimu wa baridi: joto linakutoka kwa chini

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku Njombe na Makete kuna asubuhi unaamka unakuta barafu kwenye majani. Na bado wengi wetu tunalala kwenye vibanda vya shambani, kulinda viazi au mbao. Msikilizaji, kama unajifunika blanketi mbili na bado unatetemeka, angalia chini yako kwanza.

Kitanda cha kamba kinapitisha upepo mgongoni. Blanketi ulilolilalia linabanwa, na hewa iliyotulia ndani yake, ambayo ndiyo inayozuia joto lisitoke, inaisha. Nchi za baridi kuna watu wanaolala porini kwenye bembea za kitambaa zilizofungwa mitini, nao shida yao ni hiyohiyo. Wao hufunga shuka nene kwa nje, chini ya bembea, lining'inie bila kubanwa na mwili.

Sisi tunaweza kujaza nyasi kavu kwenye viroba na kuvifunga chini ya kamba. Huna viroba? Tandika maboksi. Blanketi mbili zikiwa ndizo zote ulizonazo, moja itandike, moja jifunike. Nyasi zikilowa, badilisha.

Nguo ulizolimia zina jasho, zivue. Vaa soksi kavu na kofia, ule ushibe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga inasaidia sana ukiibana katikati ya mapaja. Pombe inakudanganya: inaleta damu karibu na ngozi, unahisi moto, kumbe joto ndiyo linatoka.

Sasa jiko la mkaa. Watu wengi husubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo waliingize ndani wakidhani ni salama. Si salama. Makaa hayo yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Aliyelala hahisi hata hayo, na anaweza asiamke. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje haraka, kisha mpelekeni kituo cha afya hata kama amezinduka. Jiko otea nje kabla ya kulala, na ukiingia ndani liache hukohuko.