Reli Iling'olewa, Mikorosho Ikabaki

Ndugu wana-Nachingwea,

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga. Kwetu pori lilifyekwa kwa matrekta, mji ukajengwa, reli ikafika kutoka pwani. Mradi ulipangwa London; hesabu zilipokataa, mwaka 1951 ukafutwa huko huko London, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Muda mfupi baada ya Uhuru reli ilifungwa, vyuma vikang'olewa.

Nachingwea haikufa, kwa sababu wakulima wadogo walipanda mikorosho katika mashamba yao wenyewe. Korosho hiyo ndiyo iliyotulipia ada wengi wetu tunaoishi mjini leo.

Basi tusingoje mradi mwingine wa kupangiwa. Mchango wa kila mwaka ndio mkorosho wetu. Tuchange.