Zinki, Kobalti na Shaba: Metali za Katanga katika Historia ya Seli ya Jua ya Rangi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo aghalabu hupitwa na wanaoandika historia ya madini ya Katanga, yaani nafasi ya metali zake katika uvumbuzi wa seli ya jua inayotegemea rangi. Historia ya Katanga huandikwa kwa kuhesabu tani. Twakumbushwa kwamba Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, kwamba tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na kwamba kampuni ilitaifishwa mwaka 1967. Hata mkoa wenyewe, kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, uliitwa Shaba. Lakini hesabu ya tani haituelezi metali hizo ziliwafunza nini wanasayansi.

Asili ya seli hii ni upigaji picha. Mwaka 1873, huko Berlin, Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba sahani ya picha ikitiwa rangi huhisi mwanga ambao hapo kwanza haikuuhisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Heinz Gerischer na Helmut Tributsch, nchini Ujerumani, walitia rangi fuwele za oksaidi ya zinki, wakaona umeme ukipita kila mwanga ulipozipiga. Hatudai kwamba zinki ile ilitoka Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Twasema tu kwamba ni metali ile ile. Kasoro ilikuwa moja: uso laini wa fuwele hubeba rangi kidogo mno, na rangi kidogo hunasa mwanga kidogo.

Kasoro hiyo iliondolewa Lausanne, Uswisi, mwaka 1991. Brian O'Regan na Michael Grätzel walitumia utando wa chembe ndogo mno za oksaidi ya titani, wenye vinyweleo mithili ya sifongo, ambao nyuso zake za ndani huzidi uso wa nje kwa mamia ya mara. Mwanga ukiipiga rangi iliyoshikamana na utando huo, elektroni huruka na kuingia katika oksaidi. Nayo rangi iliyopungukiwa hurudishiwa elektroni na iodini iliyomo katika kiowevu. Ufanisi ulifikia asilimia 7 hivi.

Hata hivyo, iodini hula metali, huinyang'anya rangi sehemu ya mwanga, na husababisha upotevu mkubwa wa volteji. Ikabidi mbebaji wa elektroni abadilishwe. Mwaka 2011 watafiti wa Lausanne na wenzao walitumia michanganyiko ya kobalti pamoja na rangi ya pofirini, jamaa ya klorofili ya majani, na ufanisi ukafika asilimia 12.3. Lakini molekuli hizo za kobalti ni kubwa, na hupenya vinyweleo polepole. Ndipo ikaja zamu ya shaba. Mwaka 2017, seli zenye kiowevu cha shaba ziligeuza kuwa umeme asilimia 28.9 ya mwanga hafifu wa taa za ndani. Mwaka 2022 zikafika asilimia 15.2 kwa mwanga wa jua.

Tusijidanganye. Shaba iliyomo katika kiowevu hicho ni kiasi kidogo sana, wala haitafufua mgodi hata mmoja. Na soko la umeme wa jua bado liko mikononi mwa silikoni. Funzo liko kwingine. Kila hatua ya maendeleo haya ilitokana na kubadili umbo la kitu au jirani yake, si kuongeza wingi wake. Wahunzi wa kale wa Katanga waliijua kanuni hiyo: kwa makaa na tanuri la udongo wa kichuguu waliligeuza jiwe la kijani kuwa misalaba ya shaba. Kisha ikaja kampuni, na elimu ya metali ikawa siri ya maabara za wageni. Chuo kikuu kilifunguliwa mjini humu mwaka 1956, yaani miaka 50 baada ya kampuni kuundwa.

Pengo hilo ni la lugha pia. Mtu wa Lubumbashi huzungumza kwa Kiswahili juu ya kuchimba shaba na kuipakia. Juu ya shaba inayobeba elektroni, hulazimika kuhamia Kifaransa. Hapana budi wanaisimu na wanakemia wa chuo hiki wakae meza moja, ili mtoto wa mchimbaji aelezwe, kwa lugha ya nyumbani kwake, kile ambacho jiwe la baba yake linaweza kufanya.