Pori la mezani: nani anatengeneza msitu wetu?

Leo tuongee historia kidogo ya kitu ambacho wengi wanakiona mchezo wa watoto: pori dogo la mezani, lile la kutengenezea filamu za wanasesere.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaweka mwanasesere katikati ya pori, unapiga picha. Unamsogeza kidogo tu, unapiga tena. Sinema kubwa inataka picha 24 kwa sekunde moja. Sisi hapa Rusizi tunatumia simu na tunapiga 12, lakini hata hivyo sekunde kumi ni picha 120. Kwa hiyo mwanasesere atembee, ila pori lisisogee hata kidogo.

Hilo tulijifunza kwa hasara. Mara ya kwanza tulichuma majani mabichi. Tulianza asubuhi, kufika saa nane mchana yote yamelegea. Kwenye filamu, msitu mzima ulikauka kwa sekunde chache tu! Watoto walicheka sana.

Lakini hata wakubwa wa kazi hii yaliwakuta. Filamu ya King Kong ilitoka Marekani mwaka 1933, na fundi wake mkuu alikuwa Willis O'Brien. Kong mwenyewe, yule anayeonekana mkubwa kuliko nyumba, alikuwa mwanasesere wa karibu sentimita 45: mifupa ya chuma, mwili wa pamba na mpira, ngozi ya sungura juu. Pori lake lilikuwa mezani pia. Mbele waliweka miti midogo, nyuma wakaweka vioo vilivyochorwa miti mingine, kioo nyuma ya kioo, mpaka macho yanaamini msitu hauna mwisho. Inasimuliwa kwamba siku moja ua la kweli lilichanua katikati ya kazi bila mtu kuliona, na picha za siku ile zikaharibika.

Sasa tufikiri kidogo. Gorila wa milimani ni wa huku kwetu. Wazungu walimwandika kwenye sayansi yao baada ya afisa Mjerumani, Robert von Beringe, kuwapiga risasi wawili kwenye mlima Sabinyo mwaka 1902. Miaka 31 baadaye dunia inaona gorila kwenye sinema, naye ni jitu la kutisha, katika kisiwa cha kubuni, na watu wa pale wanaonyeshwa kama washenzi. Aliyetengeneza pori ndiye aliyeamua nani akae ndani yake.

Lakini kuna Mkongomani aliyeshika kazi hii kwa mikono yake: Jean-Michel Kibushi. Alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988. Malembe kwa Kilingala ni polepole, na kweli kazi hii haina haraka. Mwaka 1991 alitoa filamu ya hadithi ya chura aliyeenda kwa wakwe zake, na mwaka 2004 akatoa Prince Loseno, ya wanasesere. Alichukua hadithi za nyumbani, hakungoja mtu aje kumsimulia.

Na sisi? Pori letu la pili ni la katoni, waya, gundi na sponji ya godoro la zamani. Mama mmoja kutoka Masisi alilitazama akauliza, "Na mianzi iko wapi?" Tukaongeza mianzi. Halafu watoto wenyewe wakachora njia, wakaweka bidoni ya njano na mama mwenye mtoto mgongoni. Mmoja wetu akasema tuviondoe, eti filamu iwe ya kufurahisha wageni. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe vimebaki, kwa sababu wengi wetu tulipita porini kweli, na njia ile tunaijua.

Ndugu zetu wa mashirika, mkija kuitazama, msiulize kwanza kwa nini ina huzuni. Waulizeni watoto ile njia inaelekea wapi. Na mwenye katoni au waya asitupe, atuletee.